Mashine Isiyopokea Hongo

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Waziri Mkuu wa Albania, Bwana Edi Rama, alitangaza kwamba katika baraza lake jipya la mawaziri yumo mmoja asiyekula wala kulala, asiye na ndugu wala shemeji. Jina lake Diella, maana yake jua. Si mtu, ni programu ya kompyuta iliyochorewa sura ya mwanamke mwenye mavazi ya asili ya nchi ile, na kazi aliyotangaziwa ni kusimamia zabuni za serikali, ili ununuzi wa umma utakasike kabisa na rushwa. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari hiyo kwa kicheko. Sisi hatukucheka. Serikali inayoona heri kukabidhi mfuko wa kununulia kwa kitu kisicho na roho, kwa kuwa wenye roho wameshindwa kuaminika, inasema neno zito, na neno hilo haliwahusu Waalbania peke yao.

Hata kwetu kazi ya kununua imeanza kuhamia katika mitambo. Tangu mwaka 2023 taasisi za umma za Tanzania hutangaza zabuni na kupokea maombi katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, na makampuni makubwa ya biashara yanakwenda mbele zaidi ya hapo. Vijana wetu wanaosomea ugavi na uhasibu watakuta mashine mezani kabla ya kukuta kiti. Basi yatupasa kuuliza mapema: je, haki ya mnunuzi kwa muuzaji ni kitu kinachoweza kukabidhiwa mashine?

Yafaa kwanza msomaji afahamu mambo haya yanavyokwenda, maana wengi husikia jina tu. Hospitali yahitaji mashuka 200. Mkuu wa wodi hujaza ombi; afisa ununuzi hutafuta bei kwa wauzaji; kamati hulinganisha na kuchagua; hutolewa hati ya kuagizia mali, ile ambayo makarani huiita LPO; mali huja; mtunza stoo huhesabu na kutia sahihi hati ya mapokezi; muuzaji huleta ankara yake; mhasibu huziweka pamoja hati tatu, ya kuagizia, ya mapokezi na ankara, na zikikubaliana hulipa. Kila kituo katika safari hiyo kina meza, na kila meza ina droo. Karatasi yaweza kulala drooni wiki tatu, mpaka mwenye haja aelewe kwamba inataka kuamshwa.

Katika mpango mpya huunganishwa vitu viwili. Kwanza ni programu zinazofuata amri zilizoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza: hunakili namba kutoka daftari hili hadi lile, hulinganisha zile hati tatu, na zikitofautiana hata kwa shilingi moja husimama na kumwita mtu. Hizo hazina akili yoyote, sawa na saa ya ukutani. Pili ndiyo hiyo iitwayo akili mnemba, au akili bandia, au akili unde (wataalamu wa lugha na wamalizane wao kwa wao). Hii hufunzwa kwa kuonyeshwa mifano mingi ya yaliyopita, kisha hukisia: husoma ankara iliyoandikwa ovyo, hubashiri stoo itaishiwa lini, na kumpa kila muuzaji alama. Ya kwanza ni mikono na ya pili ni macho. Vikiunganishwa, ombi laweza kuondoka wodini na kufika benki pasipo mkono wa mtu kuligusa.

Wapo Wakristo wema wanaoliona jambo hili kuwa ni ushetani mtupu. Sisi hatumo katika kundi hilo. Mnyororo wa meza na droo umewala maskini miaka mingi. Bei ya mashuka ikiongezwa ili wakubwa wawili wagawane ziada, anayelipa ni mgonjwa anayelala juu ya godoro tupu. Na anayekula hulala salama, kwa kuwa hajamwona huyo mgonjwa. Mashine inayatambua mambo ambayo jicho la mkaguzi mmoja lingeyakosa katika maelfu ya karatasi: wazabuni watatu wanaojifanya washindani, nao wana namba moja ya simu, makosa yale yale ya herufi katika barua za makampuni mawili, ununuzi mmoja uliokatwa vipande vitano ili kila kipande kipite chini ya kiwango kinachohitaji zabuni, makampuni yanayopokezana ushindi kwa zamu kama watu wa mchezo wa upatu. Mwizi aliyezoea giza hukasirika taa inapowashwa, na tumewasikia wengine wakilalamikia mifumo hii kwa bidii inayotia mashaka.

Lakini kuwasha taa ni jambo moja, na kutenda haki ni jambo jingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akiwafuata wanasheria wa Roma ya kale, alifundisha kwamba haki ni fadhila ya utashi: ni mtu kuwa radhi, leo na siku zote, kumpa kila mwenzake stahili yake. Si tendo tu. Ni moyo uliokwisha kuamua. Kwa hiyo mashine haipokei hongo kama vile jiwe lisivyozini. Hatulisifu jiwe kwa usafi wake. Karani anayeirudisha bahasha, huku akijua kwamba nyumbani ada ya mtoto haijalipwa, amefanya jambo ambalo mashine zote za dunia zikikusanywa haziwezi kulifanya. Hati iliyotolewa na Roma tarehe 28 Januari 2025, iitwayo Antiqua et Nova, yatuonya tusidanganywe na hilo neno akili: mitambo hii si namna nyingine ya akili ya mwanadamu, bali ni zao la akili hiyo.

Na zao hufanana na shamba lilikotoka. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilijaribu kutengeneza mashine ya kupima barua za watafuta kazi. Iliifunza kwa barua za miaka kumi iliyotangulia, ambazo nyingi ziliandikwa na wanaume. Mashine ikajifunza kwamba mwanamume ndiye mfanyakazi anayefaa, ikawa inawashusha alama wanawake. Habari hiyo ilijulikana mwaka 2018, na wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kuiacha. Hakuna aliyeiamuru idharau wanawake. Iliona tu jinsi watu walivyokuwa wakichagua, ikafuata.

Sasa tuihamishe habari hiyo katika ununuzi. Tuseme kikundi cha akina mama wa kijijini huuza maharage kwa hospitali ya wilaya. Mwaka wa kwanza walichelewa mara mbili, kwa kuwa daraja lilisombwa na mvua. Kumbukumbu zinasema: wamechelewa mara mbili. Daraja halimo katika kumbukumbu. Mashine yawapa alama ndogo; kwa alama ndogo hawapati agizo la mwaka wa pili; kwa kukosa agizo hawana sifa ya kuonyesha mwaka wa tatu. Hakuna aliyewaonea, na wameonewa. Sheria yetu ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu; ni sheria njema, lakini mwenye haki hiyo sharti aingie katika mfumo, na kuingia kwataka umeme, simu nzuri, na mtu wa kumsomea masharti. Mlango usio na bawabu mla rushwa waweza bado kuwa mwembamba.

Afisa ununuzi wa zamani, hata kama alikuwa na dhambi zake, aliweza kutoka nje na kuliona daraja lililovunjika. Hatusemi haya ili arudishwe na bahasha zake. Tunasema ili ijulikane ni kitu gani kinachopotea pamoja naye, na mahali gani kinapaswa kurudishwa.

Tatizo kubwa kuliko hilo ni la mtu wa kujibu. Ofisi ya Posta ya Uingereza ilikuwa na mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo huo ulikuwa na kasoro, nao ukaonyesha kwamba fedha zimepungua katika ofisi ndogo za posta ambako hazikupungua. Kati ya mwaka 1999 na 2015 mawakala zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na kughushi hesabu. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, na wamo waliojiua. Walipolia kwamba hawakuiba, walijibiwa kwamba kompyuta imesema. Na sheria ya nchi ile ilidhania kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 2024 ndipo Bunge lilipotunga sheria ya kuzifuta hukumu za mamia yao kwa mkupuo mmoja. Tusisahau kwamba waliowashitaki hawakuwa mashine. Walikuwa watu waliosoma, wenye ofisi na vyeo, nao waliona raha kuiamini namba kuliko kumwamini jirani yao.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Tangu bustani ya Edeni mwanadamu hutafuta wa kusukumia lawama: Adamu alimtaja mke, mke akamtaja nyoka. Sasa tumepata wa kusukumiwa asiyeweza hata kukana. Mzabuni aliyekosa zabuni akiuliza kwa nini, ajibiwa kwamba mfumo umemkataa. Nani aliyeupa mfumo kanuni zake? Mtaalamu. Nani aliyemwagiza mtaalamu? Kamati. Kamati ilitegemea nini? Ushauri wa kampuni iliyouza mfumo. Mzunguko umekamilika, na hakuna mtu ndani yake. Katika mafundisho ya Kanisa, anayemtuma mwingine kutenda hushiriki tendo lile. Naye aliyetuma kitu kisicho na dhamiri hana wa kugawana naye hatia, yote ni yake.

Waalbania wenyewe, katika mambo yaliyoandikwa rasmi, walilifahamu hilo kuliko walivyofanya katika matangazo. Agizo la Rais wa nchi halikumpa Diella uwaziri kama wapewavyo watu. Lilimkabidhi Waziri Mkuu mwenyewe wajibu wa kumuunda na kumwendesha. Yaani sheria ilimtafuta mtu wa kujibu, ikampata. Kisha mwezi wa Desemba 2025 waendesha mashitaka wa nchi ile waliwaweka katika kizuizi cha nyumbani wakuu wa wakala wa serikali uliomtengeneza Diella, kwa tuhuma za kuvuruga zabuni. Tuhuma si hukumu, na hatuna ruhusa ya kuwatia hatiani wasiohukumiwa. Lakini hata wakionekana hawana kosa, msomaji aona jambo lenyewe: bahasha iliyokuwa ikipelekwa kwa karani sasa yaweza kupelekwa kwa yule anayeandika kanuni za mashine, na huyo mara nyingi hakai dirishani ambapo watu humwona.

Mpaka hapa tumesema juu ya ununuzi wa umma na wizi wake. Yapo mambo ya ununuzi wa biashara ambayo si wizi machoni pa sheria yoyote, nayo yatusumbua zaidi.

Kampuni ya Walmart, yenye maduka mengi nchini Marekani, ilianza mwaka 2021 katika tawi lake la Kanada kutumia programu inayojadiliana na wauzaji kwa maandishi: inapendekeza bei, inasikiliza jibu, inapendekeza tena. Katika jaribio la kwanza iliwaendea wauzaji 89, wale wadogo ambao maafisa wa kampuni hawakuwa na nafasi ya kuzungumza nao, ikapatana na asilimia 64 yao, kila mapatano yakichukua kwa wastani siku 11. Kampuni ilipunguza gharama kwa asilimia 1.5, na siku za kungojea malipo zikarefushwa hadi wastani wa siku 35. Wauzaji wengi walisema waliipenda njia hiyo. Twaamini kwamba walisema kweli. Afadhali kujadiliana na mashine kuliko kutojibiwa na mtu.

Hata hivyo tuitazame mizani hiyo. Upande mmoja yupo mnunuzi mkubwa, mwenye mashine inayokumbuka kila bei aliyowahi kukubali kila muuzaji, na inayoweza kubahatisha ni nani aliyebanwa na mkopo na nani asiyekuwa na mnunuzi mwingine. Upande wa pili yupo mtu mwenye karakana, asiyejua lolote juu ya mwenziwe. Mithali za Sulemani zamfahamu mnunuzi anayeitukana bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu kwa bei aliyoipata; lakini yule wa Mithali alikuwa na macho mawili tu, na muuzaji aliweza kumsoma usoni. Mtakatifu Tomaso, akiuliza kama ni halali kuuza kitu kuliko thamani yake, alitoa jibu ambalo halijachakaa: ikiwa mnunuzi ana shida kubwa, muuzaji asiyepata hasara yoyote hana ruhusa ya kupandisha bei kwa ajili ya shida ile, kwa sababu shida si mali yake, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Sisi twaligeuza jibu hilo upande wa pili, nasi twaona linasimama imara vile vile. Shida ya muuzaji si mali ya mnunuzi. Mashine iliyofunzwa kuinusa shida hiyo na kuigeuza kuwa punguzo la bei inanunua kwa fedha isiyo ya bwana wake.

Atasema mfanyabiashara: lakini alikubali, hakulazimishwa. Jibu lake lilikwisha kutolewa mwaka 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII alipofundisha katika Rerum Novarum kwamba ridhaa ya mfanyakazi haitoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, ikiwa aliukubali kwa kubanwa na haja au kwa kuogopa baya zaidi. Mwaka 1967 Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliyaelekeza mafundisho hayo hayo kwenye biashara kati ya mataifa: wenye nguvu zisizolingana wakipatana, kupatana kwao peke yake si ushahidi wa haki. Si kwa bahati tu kwamba Papa wa sasa, siku mbili baada ya kuchaguliwa mwezi wa Mei 2025, aliwaambia makardinali kwamba amechukua jina la Leo kwa kumkumbuka yule wa Rerum Novarum, akiitaja akili mnemba kuwa mageuzi mengine ya viwanda yanayoingoja sauti ya Kanisa.

Juu ya makarani watakaokosa kazi tutasema maneno machache tu hapa, maana jambo hilo lastahili ukurasa wake. Mwajiri anayeipata faida ya mashine anawajibika kwanza kwa wale walioifanya kazi ile kabla yake. Kunakili namba mchana kutwa hakukuwa utukufu wa mtu yeyote. Kumtoa mtu katika kunakili na kumpeleka kijijini akatazame daraja ni faida kwa wote. Kumtoa na kumwacha mlangoni ni dhambi nyingine.

Linabaki jambo la malipo, nalo twalileta karibu na nyumbani, maana hata taasisi zetu za Kanisa hununua. Seminari zetu, hospitali zetu na shule zetu za bweni hula mahindi na maharage ya Wakristo wale wale wanaokaa katika mabenchi siku ya Dominika. Tumesikia malalamiko yao. Huleta gunia mwezi wa pili na kulipwa mwezi wa saba, nao huona haya kumdai padre au sista. Kila mara sababu imekuwa ni karatasi: hati ya mapokezi haijaonekana, ankara haijafika kwa mhasibu, mwenye kutia sahihi amesafiri. Torati iliagiza kwamba ujira wa kibarua usilale kwa bwana wake hata asubuhi, na Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Muuzaji mdogo anayengojeshwa miezi mitano amemkopesha tajiri wake bila kuulizwa, tena bila riba. Naye mwenyewe huenda amekopa mahali penye riba ili apande tena.

Zamani tuliweza kuisingizia karatasi. Taasisi itakayonunua mashine hizi, na zipo zinazofikiria kuzinunua, haitakuwa na kisingizio hicho. Hati tatu zitalinganishwa kwa dakika moja. Ikiwa zimekubaliana saa nne asubuhi, na fedha zipo benki, basi anayetaka kumwambia yule mama arudi mwezi ujao itambidi aamue hivyo yeye mwenyewe. Twazishauri bodi za taasisi zetu, kabla hazijatia sahihi mkataba na muuzaji wa mfumo wowote, ziandike katika kanuni kwamba kila malipo yaliyocheleweshwa baada ya hati kukubaliana, na kila mzabuni aliyekataliwa, yawe na jina la mtu aliyeamua na sababu yake kwa Kiswahili chepesi, na kwamba yule aliyekataliwa apewe siku ya kuja kusikilizwa na mtu huyo uso kwa uso.